Nani anatuma ile mesaji? Historia ya maktaba za programu zinazobeba arifa



Kila asubuhi, kabla hujaosha uso, simu yako imekwisha kupokea mesaji tatu ao ine ambazo hakuna mtu aliyeziandika. Kampuni ya reso inakuambia mega zako zimebaki kidogo. M-Pesa inakuambia franka zimeingia. Gurupu la kanisa linakukumbusha mkutano. Hakuna kijana aliyekaa fasi fulani akibonyeza. Ni programu inatuma, na chini ya hiyo programu kuko kitu kingine kidogo zaidi ambacho watu wa informatiki wanakiita maktaba. Mimi ni mtu wa agronomia, nimesoma udongo na magonjwa ya mimea. Lakini tangu nimalize lisansi naona kwamba sehemu kubwa ya kazi yetu ya shambani inapita ndani ya hizo mesaji: bei ya kahawa, mvua, viwavi vya mahindi. Basi nikaanza kufuatilia zilitoka wapi. Nimekuta ni historia ya watu wachache, wengi wao waliandika bila kulipwa, na kuna kipande chake kinachotugusa sisi Wakongomani moja kwa moja.

Kwanza maneno mawili, ili tusipotezane njiani. API ni gishe. Unajua vile gishe ya ofisi ya serikali ilivyo: hauingii ndani, hauoni makabrasha, haujui nani anafanya nini huko nyuma. Unasimama mbele ya katundu, unapitisha karatasi iliyojazwa vile wanavyotaka, wanakurudishia jibu ao wanakuambia karatasi yako ina makosa. Programu moja ikitaka kitu kwa programu ingine ya mbali, inapita kwenye gishe ya namna hiyo. Na maktaba ni yule mzee anayekaa nje ya ofisi, chini ya parasoli, na mashine yake ya kuandika. Yeye njo anajua karatasi inajazwa namna gani, timbri inabandikwa wapi, kosa gani linafanya ukataliwe. Unamwambia shida yako kwa maneno yako, yeye anaipanga. Tofauti ni kwamba huyu mzee wa kompyuta hakuombi hata franka moja, na anaandikia watu milioni kwa wakati mmoja.

Sasa turudi nyuma.

Mwaka 1985, mjini Bonn, Mjerumani mmoja aitwaye Friedhelm Hillebrand alikaa na mashine ya kuandika akapiga sentensi ovyo ovyo: maswali, salamu, habari fupi. Kisha akahesabu herufi. Karibu zote hazikupita 160. Yeye na wenzake walikuwa wanatengeneza kanuni za reso ya GSM, na walikuwa wameona kwamba ile njia ndogo inayotumiwa na simu kusalimiana na mnara ina nafasi tupu wakati hakuna mtu anayepiga. Kwa nini tusipitishe maneno mafupi humo? Nafasi yenyewe ilikuwa okteti 140. Ukiandika kila herufi kwa biti 7 badala ya 8, okteti 140 zinakupa herufi 160 kamili. Piga hesabu mwenyewe: 140 mara 8 ni 1120, na 160 mara 7 ni 1120.

Hapa nitasimama kidogo, juu ya hili jambo linatuhusu na watu wengi hawalijui. Ile orodha ya herufi za biti 7 ina é na è, lakini haina ê, haina â wala ô, na haina ç ndogo. Ukiweka moja tu ya hizo ndani ya mesaji, mesaji nzima inabadilishwa maandishi, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Yani mwenye kutuma mesaji ya Kifaransa yenye neno moja la « fenêtre » anaweza kulipa mara mbili ao tatu bila kujua sababu. Kiswahili chetu, chenyewe, kinaingia chote bila shida. Paka neno kama ng'ombe linaweza kuleta matata: ile alama ya juu ikiwa imenyooka, sawa, simu ikiipinda ili ionekane nzuri, umeanguka kwenye 70. Mtu anayetumia wakulima elfu moja mesaji ya ng'ombe anaweza kupoteza pesa nyingi juu ya kadoti kamoja. Maktaba nzuri za kutuma SMS zinaangalia hilo zenyewe kabla ya kutuma. Zile mbaya zinakuachia bili.

Tarehe 3/12/1992, huko Uingereza, injenia wa miaka 22, Neil Papworth, akatuma SMS ya kwanza kwenye reso ya Vodafone. Ilikuwa salamu za Noeli, maneno mawili tu, kwa mkubwa mmoja wa kampuni hiyo aitwaye Richard Jarvis. Vitabu vingi vinasimulia hii hadithi sawa mwanzo wa watu kuandikiana. Mimi naisoma tofauti. Papworth hakutumia simu, alitumia kompyuta. Jarvis hakuweza hata kujibu, kwa sababu simu yake haikuwa na uwezo wa kuandika. Kwa hiyo SMS ya kwanza duniani ilikuwa mashine inayotuma habari kwa simu ya mtu, njia moja, bila jibu. Ilikuwa arifa tangu siku ya kwanza. Sisi watu tuliingia baadaye.

Lakini kompyuta inaongeaje na reso? Kampuni moja ya Ireland, Aldiscon, ilitengeneza lugha ya kazi hiyo, SMPP, na mpaka leo njo kampuni nyingi za simu zinaitumia kupokea mesaji kutoka nje. Shida ni kwamba hiyo lugha ni ngumu na inataka mkataba na kampuni ya simu. Mwaka 1999 huko Finland kampuni ya Wapit ikaanzisha Kannel, programu ya bure iliyo wazi, ambayo inasimama katikati: upande mmoja inaongea SMPP na reso, upande mwingine inakufungulia gishe rahisi ya intaneti. Unaipa anwani yenye namba na maneno, yenyewe inafanya mengine. Kama umewahi kupokea mesaji ya mchezo wa radio ao ya shindano fulani barani Afrika, kuna nafasi kubwa kwamba Kannel ilikuwa fasi fulani katikati.

Upande wa pili wa historia ni ule wa kwenda kuchukua habari, si kuituma. Na huu ulianza kwa jambo ambalo mtu wa Butembo ao Bukavu hawezi kulishangaa: bei ya pesa. Daniel Stenberg, kijana wa Sweden, alikuwa na programu ndogo ndani ya chumba cha mazungumzo ya intaneti. Alitaka iweze kuwaambia watu leo pesa moja inabadilishwa kwa ngapi ya ingine. Bei zilikuwa kwenye ukurasa wa intaneti, na ilibidi kila siku programu iende kuzichukua yenyewe. Mwishoni mwa 1996 akakuta kaprogramu kadogo kaitwako httpget, kalikoandikwa na Mbrazili Rafael Sagula, akaanza kukarekebisha. Jina likabadilika, uwezo ukaongezeka, na mwezi wa tatu 1998 ikaitwa curl. Mwaka 2000 akaitoa pia kama maktaba, libcurl, ili programu zingine ziiweke ndani yao. Leo iko ndani ya simu, televisheni, magari, hata kazi za anga. Mimi nawaona wale bacambiste wetu wanaokaa na mabunda ya franka juu ya kimeza, wanapigiana simu asubuhi kujua dola imeamka kwa ngapi. Stenberg alikuwa anatafuta kitu kilekile. Na bado yeye njo anaiongoza ile kazi mpaka leo, miaka zaidi ya 25.

Mwaka huohuo 2000, Roy Fielding akatetea tezi yake ya udaktari kwenye Chuo Kikuu cha California, Irvine. Banafunzi wenzangu, msiseme tezi hazisomwi! Humo alieleza REST, namna ya kupanga gishe za intaneti kwa kutumia njia ileile ambayo kivinjari chako kinatumia kufungua ukurasa: kila kitu kiwe na anwani yake, na vitendo viwe vichache na vinavyojulikana, kuchukua, kuweka, kubadilisha, kufuta. Wakati ule makampuni makubwa yalikuwa yanasukuma njia ingine, SOAP, yenye karatasi ndefu za kujaza, sawa dosie ya kutafuta pasiporo. Miaka ikapita, watengenezaji wakachagua gishe nyepesi. Na juu ya gishe nyepesi zikaota maktaba nyepesi. Mwaka 2011 Kenneth Reitz akatoa Requests kwa lugha ya Python. Kazi iliyokuwa inachukua mistari mingi ya kuchosha kichwa ikawa mstari mmoja unaosomeka sawa sentensi. Nilijifunza Python peke yangu kwa ajili ya takwimu za memwari yangu, na Requests njo kitu cha kwanza kilichonifanya nisikimbie.

Afrika iliingia wapi? Iliingia mapema kuliko tunavyofundishwa.

Ken Banks, Mwingereza, alikuwa amefanya kazi Afrika ya Kusini kwenye mbuga ya Kruger. Huko aliona kwamba walinzi wa mazingira wanahitaji kuongea na vijiji vilivyo karibu, na vijiji vina simu lakini havina intaneti. Mwaka 2005 akatoa FrontlineSMS. Ilikuwa programu ya kompyuta ndogo: unachomeka simu ao modemu kwa waya, unaweka kadi ya SIM ya kawaida, unaanza kutuma na kupokea kwa mamia. Bila serva, bila intaneti, bila mkataba na kampuni. Ndani yake kulikuwa na maktaba ya Java iitwayo SMSLib, ambayo kazi yake ilikuwa kuongea na modemu kwa amri zinazoanza na herufi AT. Hizo amri zilibuniwa na Dennis Hayes huko Marekani mwaka 1981 kwa ajili ya modemu za waya za simu ya nyumbani. Ukichukua leo modemu ya USB ya kampuni yoyote ya hapa kwetu ukaiandikia AT+CMGS, itajibu. Miaka zaidi ya 40, bado lugha ni ileile. Mwaka 2007 wachunguzi wa uchaguzi wa Nigeria walitumia FrontlineSMS. Mwaka uliofuata hospitali ya St. Gabriel ya Namitete, Malawi, ikaanza kuitumia na wahudumu wa afya wa vijijini.

Kisha Kenya. Baada ya uchaguzi wa mwisho wa 2007 damu ikamwagika, na habari zikawa chache. Ory Okolloh akaandika kutaka mtu atengeneze ramani ya mahali ambapo mambo yanatokea. Ndani ya siku chache za Januari 2008, yeye na David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich wakaitoa, wakaiita Ushahidi. Jina la Kiswahili, halikuhitaji maelezo kwetu. Ukitazama ndani, ilikuwa ni ushonaji wa vitu vilivyokuwapo: ramani zilitoka kwenye gishe ya Google, iliyofunguliwa 2005, mesaji za watu ziliingia kwa SMS, wao waliandika uzi wa kuviunganisha. Bila zile gishe na zile maktaba, kazi ya siku chache ingekuwa ya mwaka mzima, na mwaka mzima baadaye ramani ingesaidia nini?

Mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo 2008, wakati vita ya CNDP imefika karibu na Goma, Ushahidi ikafungua ramani ya Kongo. Ilikuwa moja ya nchi za kwanza kabisa nje ya Kenya. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, sikujua lolote. Nimekuja kulijua nikiwa nimeshamaliza lisansi, na sikulikuta kwenye somo lolote la informatiki ao la historia hapa kwetu.

Sasa ile tarehe. Uchaguzi wetu wa 2011 ulifanyika tarehe 28 mwezi wa kumi na moja. Tarehe 3/12/2011 serikali ikaamuru makampuni yote ya simu yafunge SMS, kwa kusema ni usalama wa umma. Miaka 19 kamili, siku kwa siku, tangu ile salamu ya Papworth. Zilibaki kufungwa hadi mwisho wa mwezi. Viziwi wa Kinshasa na miji mingine walilalamika sana, na walikuwa na haki: kwao SMS ilikuwa simu yenyewe, haikuwa nyongeza. Hebu fikiria uko na maktaba nzuri kuliko zote, programu yako haina kosa hata moja, na unatuma arifa kwenye ukuta.

Mara ya pili nakumbuka mwenyewe. Tarehe 31/12/2018, siku moja baada ya kura, intaneti ikakatwa, SMS nazo zikaguswa, karibu siku 20. Sisi wa Beni na Butembo hata hatukuwa tumepiga kura, ilikuwa imesogezwa mpaka mwezi wa tatu juu ya Ebola. Ebola ilikuwa katikati yetu, ile iliyotangazwa tarehe 1/8/2018 na kuisha mwezi wa sita 2020, watu 3470 waliugua na 2287 wakafariki. Kazi yote ya kuizuia ilisimama juu ya neno moja lililokuwa midomoni mwa kila mtu: alerti. Mtu ameanguka kwenye kartie fulani, tuma alerti. Na njo wakati huo wakafunga njia. Simu za sauti zilibaki, watu wakapigiana. Lakini tangu siku hiyo sikubali mtu aniambie kwamba haya ni mambo ya watoto wa informatiki peke yao.

Sasa zile arifa za leo, zinazotokea juu ya kioo cha simu kubwa bila kuwa SMS. Apple iliahidi njia yake mwaka 2008, ikachelewa, ikaitoa mwezi wa sita 2009. Wazo lake ni hili: badala ya kila programu kwenda kuuliza kila dakika « kuna kitu kipya? » na kumaliza batri, simu inashika waya moja tu na serva za Apple, na arifa zote zinapita humo. Google ikafuata mwaka 2010 na C2DM. Mwaka 2012 ikaibadilisha na GCM. Mwaka 2016 ikaleta FCM. GCM ikafungwa 2019. Na mwaka 2024 hata ile namna ya zamani ya kuingia FCM ikaanza kufungwa. Hesabu vizuri: ndani ya miaka 14, gishe ilihamishwa mara tatu. Kila mara maktaba zikaandikwa upya, na kila programu ambayo hakuna mtu wa kuitunza ikakatika.

Nitasimulia kimoja. Kulikuwa na mradi, sitautaja jina, uliofika kwenye vijiji vya teritware ya Lubero. Wamonitere wa kilimo walipewa simu za Android zenye programu ya viwavi. Mnajua ile chenille légionnaire iliyotoka Amerika na kuonekana Afrika mwaka 2016. Nondo wake anaweza kuruka kilomita 100 usiku mmoja. Kiwavi mwenyewe anakula kwa muda wa wiki mbili ao tatu hivi, na ukimkuta mdogo unamuua kwa majivu, kwa mkono, kwa dawa kidogo. Akishaingia ndani ya moyo wa hindi, umechelewa. Kwa hiyo taarifa ya wiki mbili nyuma haina kazi. Programu ilikuwa nzuri: monitere akiona viwavi anaweka alama, na wenzake wa vijiji vya jirani wanapata arifa saa ileile. Mradi ukaisha, wazungu na wakubwa wa Kinshasa wakaenda, simu zikabaki. Serva ilikuwa imelipiwa mbele, basi mambo yakaendelea yenyewe.

Mwaka 2024 arifa zikanyamaza. Hakuna aliyejua. Nilipita huko kwa kazi ingine, monitere mmoja, mama wa makamo tuliyemwita mama Agro, akaniambia kwa furaha:

— Mwana, msimu huu Mungu ametusaidia, viwavi havikuja.

Nikamwomba tutembee kidogo. Shamba la tatu tulilokuta, majani yalikuwa yametobolewa sawa kitambaa kilicholiwa na panya, na mavi ya viwavi yamejaa kwenye moyo wa mimea. Alikuwa ameweka alama yeye mwenyewe wiki nzima kabla, kwa kijiji chake. Alifikiri jirani wamenyamaza kwa sababu kwao ni salama. Jirani walifikiri hivyohivyo juu yake.

Rafiki yangu wa informatiki akafungua ile programu. Ndani ya serva kulikuwa na faili imejaa mistari ya kosa lilelile, kila siku, kwa miezi: gishe ya zamani imefungwa. Kurekebisha maktaba kulichukua mchana mmoja. Lakini gishe mpya haikubali tena ule ufunguo wa zamani. Inataka ufunguo unaotolewa na mwenye akaunti ya mradi kule Google, na akaunti ilikuwa kwa jina la mshauri aliyekwisha kuondoka nchini. Kumpata kulichukua wiki tano. Katika hizo wiki tano tulichomeka modemu ya zamani kwenye kompyuta, tukaweka programu ya bure iitwayo Gammu, na tukarudi kwa SMS za Papworth, kwa Kiswahili, bila alama hata moja ya kupinda. Inite tulichanga wenyewe. Kisha tukaona kitu ambacho mradi haukuona kwa miaka yote: SMS ilifika pia kwa wakulima wenyewe, wenye simu ndogo za vitufe, ambao hawakuwahi kupokea arifa hata moja.

Msifikiri ni sisi tu wa vijijini. Mwezi wa tatu 2016, mtengenezaji mmoja aitwaye Azer Koçulu aligombana juu ya jina la moja ya maktaba zake, akaondoa zote zaidi ya 250 kwenye ghala la npm. Moja yao, left-pad, ilikuwa na mistari 11, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Programu za makampuni makubwa duniani zikashindwa kutengenezwa kwa saa kadhaa. Mwaka 2020 maktaba ya request ya JavaScript, iliyopakuliwa mara mamilioni kila wiki, ikatangazwa kwamba haitaendelezwa tena. Na mwaka 2023 Twitter ilipoanza kudai pesa kwa gishe yake, shirika la metro na mabasi la New York likaacha kutuma humo taarifa za treni. Ni mji tajiri, ulikuwa na njia zingine. Mama Agro alikuwa na moja.

Kuna pia mambo yaliyotengenezwa karibu nasi. Africa's Talking ilianza Nairobi mwaka 2010, ikachukua ule mzigo wa mikataba na makampuni ya simu na kumpa mtengenezaji gishe moja. Safaricom ilipofungua gishe mpya ya M-Pesa mwaka 2017 iliiita Daraja. Kabla ya hapo kulikuwa na watengenezaji wa Kenya waliokuwa wanaandika programu za kusoma zile SMS za « umepokea » neno kwa neno ili kujua kama mteja amelipa. Na RapidPro, ambayo UNICEF inatumia kuuliza na kuarifu watu kwa SMS katika nchi nyingi, ilitoka kwa kampuni ndogo ya Kigali iitwayo Nyaruka, mwaka 2014. Kigali, bandugu. Si mbali.

Na kwetu? Sitasahau Nyiragongo. Kwa miezi kadhaa, kati ya mwisho wa 2020 na mwezi wa ine 2021, Observatwari ya Volkano ya Goma haikuweza kufuatilia mlima inavyopaswa, kwa sababu msaada wa pesa ulikuwa umeisha na hata intaneti ya kuunganisha vyombo vyao haikuwa imelipiwa. Tarehe 22/5/2021 jioni lava ikashuka. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wanasayansi wenyewe wamesema mlipuko ule ulikuwa mgumu kuubashiri hata na vyombo kamili, kwa hiyo sisemi kwamba mega zingeokoa kila mtu. Nasema tu kwamba volkano iliyo juu ya mji wa watu wengi namna ile ilikuwa inatuma habari zake, na upande wa pili hakukuwa na wa kulipa waya.

Mwaka 2021, tarehe 21/12, mjini Paris, Vodafone iliuza kwa mnada nakala ya kidijitali ya ile SMS ya 1992. Ilinunuliwa kwa euro 107 000, na pesa zikapewa HCR, wale wenye mahema meupe tunayoyajua sisi wote wa Kivu. Modemu yetu ya Lubero bado inafanya kazi. Maktaba mpya nayo imewekwa, na safari hii ufunguo uko kwa jina la koperative, na neno la siri limeandikwa kwenye daftari la sekretere, karibu na hesabu za mbegu. Rafiki yangu ameongeza jambo moja: kila Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi serva inatuma mesaji fupi kwa wamonitere wote, « Tuko hapa ». Mama Agro isipofika, ananipigia.

Nataka kujua kwenu, katika teritware yenu, ni programu gani iliachwa na mradi na bado watu wanaingojea iongee?